Kivumbasi cha Nyuma ya Nyumba

Jumapili, 24 Februari 1907

Yakobo ameondoka leo baada ya sala. Amekwenda Mikese kwenye kazi ya reli, maana Wajerumani wanataka maseremala, na yeye randa na msumeno anavijua tangu misheni. Mimi ameniacha huku juu mlimani kwa mama yake, na mimba ya miezi sita, na mvua inayonguruma kila siku bila kunyesha. "Masika yakiisha nitarudi," amesema. Nikamwambia masika yakiisha atanikuta nimeota uyoga. Hakucheka.

Mama mkwe wangu watu wanamwita Mama Regina. Huyo Regina alikuwa dada yake Yakobo, alikufa mwaka juzi. Tulipofika, kabla sijatua mzigo, mama aliniuliza, "Mke wa Yakobo, ukoo wako nani?" Nikamjibu sina. Nilikuwa kitoto kwenye msafara wa watumwa, mapadre wakanikomboa, masista wa Bagamoyo wakanilea, na jina la Magdalena ni wao walionipa. Jina alilonipa mama yangu silijui. Jambo hili huwa nalisema haraka haraka ili lipite. Yakobo alitazama pembeni. Mama akasema tu, "Haya. Utakunywa chai."

Naandika kwa sababu sina wa kuongea naye. Kiluguru sikijui, na Kiswahili chao kinapanda na kushuka na milima yao.

Jumatano, 27 Februari

Chai yenyewe ni kivumbasi. Bagamoyo tulikuwa tunakifukiza kufukuza mbu, basi. Huku ni dawa ya kila kitu. Mama anachemsha majani kwenye chungu kidogo, anafunika kwa jani la mgomba, kisha anatia asali ya porini. Anasema kinashusha homa, kinalegeza kifua, kinatoa upepo tumboni, kinamtuliza mwenye mimba. Majani makavu ukiyaweka chini ya mkeka, nyoka hapiti. "Na maiti tunamwogeshea," akaongeza, kwa sauti ile ile aliyotajia asali.

Nakiri kinasaidia. Kichefuchefu kimekwisha, kikohozi cha ukungu kimekwisha, na leo nimekula ugali mpaka nikaona haya.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kando ya njia kuna vivumbasi tele, vimejiotea tu. Mama anavipita. Anakwenda nyuma ya nyumba penye kichaka kimoja kilichonona kuliko vyote, anainama, anasema maneno ambayo sikuyasikia, ndipo anachuma. Kikombe cha kwanza anakimwaga kizingitini. Nilimuuliza ni cha nani.

"Cha mwenyewe," akasema.

Ijumaa, 1 Machi

Mvua.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua. Anayeupenda mlima huu na auoe.

Alhamisi, 7 Machi

Leo amekuja bibi mmoja wa ng'ambo ya kijito, hana jino hata moja. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba. Mama akampa kikombe, na mimi kikombe. Tukanywa. Kisha bibi akanisogelea akauliza, "Mguu umepona?"

Miguu yangu yote miwili ni mizima. Lakini sisi tuliolelewa pwani hatumkatizi mtu mzima salamu. Ukiulizwa habari za nyumbani ni njema, hata kama nyumba imeungua. Nikamjibu, "Umepona, bibi, Mungu ashukuriwe."

Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi sana, ingawa alikuwa ametoka kushika kikombe cha moto. Alipoondoka nilimwona mama anajifuta macho, nikadhani ni moshi.

Ijumaa, 15 Machi

Bibi mwingine tena. Chai ile ile, swali lile lile, jibu lile lile. Nadhani ndiyo salamu ya Waluguru wakati wa mvua, maana njia zinateleza. Nimemuuliza mama kama najibu sawa.

"Unajibu vizuri sana," akasema.

Jumatano, 20 Machi

Gauni la misheni halinipiti tena tumboni. Mama ametoa kaniki ya Regina sandukuni, inanukia kivumbasi mpaka kwenye pindo. Nimeivaa. Pia amenihamishia chumba cha ndani, kwenye kitanda cha kamba alichokuwa analala Regina, kwa sababu kwangu kunavuja. Kamba za kitanda zimelegea mahali penye mwili. Nilipojilaza nimeingia palepale bila kujisogeza.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Padre amepanda kutoka misheni kuja kusalisha, amefika amelowa na homa inamtetemesha. Mama akamchemshia chai. Padre akaisifu, akasema inashinda kwinini kwa kuwa haina uchungu, na alipoondoka alikuwa hatetemeki tena. Lakini nilikuwa namtazama mama. Majani ya Padre aliyachuma njiani. Ya kwangu alikwenda kuyachuma nyuma ya nyumba.

Jumanne, 9 Aprili

Kuna jambo limeanza nami sijui kulieleza. Wanawake tunaopalilia nao mahindi zamani walikuwa hawanisemeshi. Sasa wananiita, wananisogezea kigoda, wananiwekea gimbi la kuchoma. Nilifurahi. Lakini leo nimesema, "Mume wangu akirudi," na mmoja wao akainua macho akauliza, "Nani?"

"Yakobo," nikasema.

Wakatazamana. Mmoja akaanza kusimulia habari za nguruwe wanaokula mihogo, wote wakamgeukia, na neno langu likabaki hapo chini kwenye magugu.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi nilipiga magoti kumpokea mama jembe. Akaniinua. "Mkwe ndiye hupiga magoti," akasema. "Wewe kaa, mwanangu."

Mwanangu. Masista walikuwa wananiita binti, wakaniita mtoto mwema, wakaniita mvivu. Neno hili sikuwahi kuitwa na mtu aliyekuwa ananitazama mimi peke yangu. Nilikwenda kulia kwenye zizi la mbuzi ili nisionekane mjinga. Nampenda mama huyu. Naandika ili ijulikane.

Jumapili, 21 Aprili

Amekuja Mjomba Kasiani, kaka yake mama na mkuu wa ukoo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Chai. Halafu, "Mguu umepona?" Umepona, mjomba. Alivua kofia akaiweka magotini. Kisha akasema, "Shamba lako la kutoka kijitoni mpaka kwenye mwamba lipo. Hatukumpa mtu." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuna aliyecheka nami.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwandiko huu ni mbaya.

Leo nilikuwa kijitoni na Bernadeta, jirani yetu. Ndiye peke yake aliyebaki ananiita Magdalena. Ukungu ulikuwa umetelemka mchana kweupe, hatuoni hata ng'ambo. Alijaza mtungi wake, akaumwaga, akaujaza tena, nikajua ana neno.

"Nikwambie au ninyamaze?" akasema.

"Niambie."

"Unajua Regina alikufa na nini?"

"Homa, nadhani."

"Jembe. Alijikata mguu akilima, ukaoza. Alilia siku nyingi kabla ya kufa."

Nilikuwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini. Nikahisi baridi inanipanda kwenye mguu mmoja tu.

"Wale wazee hawakuwa wanakusalimu," Bernadeta akasema. "Walikuwa wanamuuliza yeye. Mtu aliyekufa akitaka kurudi, wakubwa wa ukoo humuuliza kile kilichomuua. Asiyehusika hushangaa, husema mguu gani, na habari inaishia hapo. Wewe hukushangaa. Wote walisema ulijibu kwa heshima, hata kusita hukusita."

Adabu! Adabu ya Bagamoyo, niliyochapwa fimbo mpaka nikaijua.

Nikamuuliza kaburi la Regina liko wapi. Akanitazama kwa huruma. "Unalinywa kila asubuhi, nawe hujui liko wapi?"

Nasema kweli. Nilichowaza kwanza ni kwamba chai ile imenipa usingizi na mama, na ikiwa imetoka kaburini basi kaburi hilo halinichukii.

"Mama Regina alikuwa na binti mmoja," Bernadeta akaendelea. "Kwetu nyumba ni ya binti, na shamba ni la binti. Watoto wa Yakobo si wa nyumba hii, ni wa kwao mama yao. Na wewe huna kwenu. Sasa amekupa."

"Basi si heri?" nikasema. "Mtoto wangu atakuwa na ukoo. Sikuwahi kuwa na hata mti wa kusema ni wetu."

"Ni heri," akasema. Akajitwika mtungi. "Lakini Yakobo ni mtoto wa nani?"

Ameniacha hapo. Nikajibu swali lake polepole, kama mtoto darasani. Yakobo ni mtoto wa Mama Regina. Mimi sasa ni mtoto wa Mama Regina. Maji yalikuwa yanapita na mimi nimesimama tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimemkabili. Nilikusudia kupiga kelele, lakini alikuwa anachambua maharage, na huwezi kumpigia kelele mtu anayechambua maharage.

"Mama, umenifanya dada wa mume wangu?"

Hakuniuliza ni nani aliyeniambia. "Siku ya kwanza nilikuuliza ukoo wako," akasema. "Ungetaja hata wa mbali kabisa, ningekuacha. Mtoto huyo akiugua, nani atakwenda kumwombea kwa wazee wake? Wazee gani? Akitaka kulima, alime wapi? Akifa, nani atamfukia? Yakobo ni baba, na baba hupenda. Kupenda hakuna shamba."

"Mimi nimefunga ndoa kanisani."

"Padre ana kitabu chake na mlima una wake. Mimi sikosani na Padre." Akapuliza maganda. "Kimebaki kikombe kimoja, siku utakapojifungua. Kile hupewi, unakiomba mwenyewe mbele ya Kasiani. Usipokiomba hakuna atakayekulaumu. Utabaki mke wa Yakobo, na mtoto wako atabaki kama ulivyokuwa wewe."

Lile la mwisho alilisema bila ukali wowote. Ndiyo maana limeniuma.

Nimemwambia sinywi tena. Nimerudi kulala chumba kinachovuja.

Jumatatu, 29 Aprili

Asubuhi nimekuta kikombe kizingitini, kimejaa, kinafuka moshi. Nimekiruka.

Ijumaa, 3 Mei

Homa. Mvua.

Jumatatu, 6 Mei

Homa. Nimekwenda mwenyewe kuchuma kivumbasi cha njiani, nimekichemsha kama anavyochemsha yeye. Kina ladha ya majani tu, na homa haikushuka. Kumbe cha njiani ni cha Padre.

Nimewasalimu wanawake shambani. Hawakuitikia. Hawakunichukia, ila walifanya kama mtu anaposikia tawi linadondoka msituni, akageuka, hakuona kitu, akaendelea na kazi.

Jumapili, 12 Mei

Mguu wa kushoto umevimba kifundoni. Sikujikwaa, sikujikata. Bernadeta amekuja kuutazama kisha amekwenda, na hakurudi na dawa aliyosema analeta.

Naota Yakobo anaranda ubao mrefu usiokwisha. Nikimwita anageuka upande ule ilikotoka sauti na hanioni. Nimemtumia salamu kwa wapagazi wanaoshuka Mikese, niliwaambia aje haraka. Sijui kama wamesikia.

Alhamisi, 16 Mei

Mama hajaniambia neno baya hata moja. Ananipikia uji, ananikanda mgongo, ananiita mke wa Yakobo. Sikujua jina langu la ndoa linaweza kuniliza.

Jumanne, 21 Mei

Mvua. Kikombe kizingitini. Nimekiruka, lakini nilisimama kwanza.

Alhamisi, 30 Mei

Naandika nikiwa nimeegemea. Mtoto amelala. Ni msichana.

Uchungu ulinishika Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa umeingia mpaka ndani ya nyumba, nikawa namwona mama kuanzia kiunoni tu. Bernadeta alinishika mabega. Mjomba Kasiani alikuja akakaa nje ya mlango, ametupa mgongo kama ilivyo heshima. Alikuja na wale mabibi wote wawili, nao wakakaa. Hakuna aliyewaita.

Mtoto alipotoka, mama alimpokea kwa mikono yake, akamfuta, akamlaza juu ya jani la mgomba katikati ya sakafu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akakaa.

Mtoto hakulia.

"Nipe," nikasema. "Nipe mtoto."

"Mtoto huokotwa na ukoo wake," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. "Mimi ni nani kwake? Niambie, nimwokote."

Nikamgeukia Bernadeta. Akainamisha kichwa, maana yeye ni wa ukoo mwingine. Nikajivuta mwenyewe. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa mpaka nyonga, haukunifuata. Nilinyoosha mkono, na kati ya vidole vyangu na lile jani pakabaki nafasi ya kupitisha kikombe, nami sikuweza kuimaliza. Mtoto alikuwa anabadilika rangi. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau.

Nikamwita Yakobo. Nilimwita kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Mvua ilinyesha.

Nilimkumbuka yule mtoto wa kwenye msafara, mimi mwenyewe, nimekaa kando ya njia, na watu wengi wanapita, na kila mmoja anadhani nina mwenyewe. Nikasema, "Mama, naomba kikombe."

Kasiani akakipitisha mlangoni bila kugeuka. Kilikuwa cha moto, ingawa sikuona moto wowote umewashwa. Nikanywa chote, sikumwaga hata tone la mwenyewe. Hapakuwa tena na mtu wa kumwagiwa.

Mama akainuka, akamwokota mtoto, akampuliza puani, akasema, "Ni wetu." Mtoto akalia mpaka mbuzi wakaitikia. Mguu wangu ukapata joto kuanzia unyayoni.

Baadaye walinichemshia majani, wakaniogesha mwili mzima, kichwa hata vidole, kwa utaratibu, wanawake wanne. Gauni langu la misheni na pete yangu walivifunga kwenye mkeka wakavitoa nje. Nikasikia jembe. Kisha wanawake wakaanza kulia, kilio kile cha msiba, na mimi nikalia pamoja nao, nikalia kuliko wote, sikujua namlilia nani.

Jumapili, 9 Juni

Yakobo amerudi. Nilimjua kwa mluzi kabla sijamwona. Mama alimpokea njiani, nami nikiwa mlangoni niliona mluzi unakatika, na mzigo unashuka begani, na yeye anakaa juu ya mzigo huo na kufunika uso.

Alikaa pale mpaka jua likageuka. Kisha akaja, akasimama nje ya kizingiti. Kaka haingii alipojifungulia dada yake. Aliniangalia mara moja tu, usoni, nikaona ananitafuta, kisha nikaona ameacha kutafuta.

"Naomba nimwone mpwa wangu," akasema.

Nikampa. Alimshika kama ubao uliorandwa vizuri, akamtazama kila upande.

"Ningekuwa baba yake, nisingeweza kumpa hata tuta moja la magimbi," akasema polepole. "Mimi ni mjomba wake. Kutoka kijitoni mpaka kwenye mwamba ni kwake, na neno langu juu yake hakuna wa kulipinga." Akamrudisha. Mikono yetu haikugusana, tulijua wote wawili jinsi ya kufanya isigusane. "Wapagazi walinipa salamu zako. Walisema kuna mwanamke analia huku juu, hawakumbuki jina."

Amelala kwa Mjomba Kasiani. Nimemsikia anakohoa. Kikohozi kile nakijua, nakijua pamoja na upande wa mkeka anaolalia. Nimeuma pindo la kaniki mpaka kikanyamaza.

Jumatatu, 17 Juni

Jua. Yakobo ameshuka Mikese alfajiri. Mtoto ananyonya vizuri, wanawake wanapita kumwona na kila mmoja ana jina analotaka apewe, yote ya wazee wetu. Chai nakunywa asubuhi na jioni, maziwa yanatoka tele. Homa sijaisikia tena.

Leo tulikuwa tunatandaza mahindi uani, mama na mimi, akasema Yakobo hawezi kukaa hivihivi, mwanamume bila mke huoza, na desturi ni dada kwenda kumposea kaka yake. Kiangazi hiki tutakwenda. Akaniuliza kama namjua binti anayemfaa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Namjua mmoja. Alilelewa na masista Bagamoyo. Anaitwa Magdalena."

Mama aliacha kutandaza. Akanishika mkono, taratibu, kwa mapenzi yote aliyonayo.

"Yule alikufa masika, mwanangu," akasema. "Wewe mwenyewe ulimlilia sana."

Tukamaliza mahindi, nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto.